Bunduki Mkononi mwa Babu: Namna ya Kuitambua kwenye Picha ya Zamani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina picha ya familia yenye ukubwa wa postikadi. Wanaume watatu wamesimama na bunduki, mnyama waliyemwinda amelala miguuni mwao. Wa kati ni babu mzaa babu yangu. Wazee nyumbani wanasema picha ilipigwa 1895, kwamba bunduki yake ni Mauser, na kwamba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Binamu yangu anashikilia kuwa bunduki ni Winchester. Nimekutumia nakala ya mbele na ya nyuma. Je, bunduki kama hizi zinaweza kutambuliwa kweli kwa kuangalia picha tu? Na zinaweza kutuambia picha ni ya mwaka gani?

JIBU: Marahaba. Nianze na majibu yenyewe, kisha nikueleze nilivyoyapata, maana njia hiyo ndiyo utakayoitumia kwenye picha nyingine mlizo nazo. Bunduki ya babu yako si Mauser wala Winchester. Ni Mannlicher-Schönauer, bunduki iliyotengenezwa Steyr, Austria. Picha haikupigwa 1895. Kisa cha mkono wa kushoto kimetokana na picha yenyewe, kwa sababu imechapwa kinyumenyume. Binamu yako naye hakukosea kabisa: Winchester imo pichani, ila iko kwa mtu aliyesimama kushoto kwako unapoitazama. Bunduki ya mtu wa tatu, ile ya mitutu miwili, bado sijaweza kuiamua, na huko mwisho nitakuambia nahitaji nini.

Kabla ya kutazama bunduki yoyote kwenye picha ya zamani, hakikisha kwanza picha haijageuzwa kulia kushoto. Watu wengi huiruka hatua hii, na ukishaikosa, kila unachosema baadaye kinaegemea upande usio wake. Picha za mwanzo kabisa, zile za daguerreotype zilizotangazwa 1839, na picha za bati zilizofuata katika miaka ya 1850, zilinaswa moja kwa moja kwenye bamba lililokuwa ndani ya kamera. Hazikuwa na negativu, yaani picha ya kati ambayo nakala za karatasi huchapwa kutoka kwake. Kwa hiyo zinamwonyesha mtu kama anavyojiona kwenye kioo, kulia kwake kukiwa kushoto.

Mfano unaojulikana zaidi ni picha ya bati ya Billy the Kid, mhalifu wa Marekani, iliyopigwa karibu 1880 huko Fort Sumner, New Mexico. Bastola inaonekana kiunoni upande wa kushoto, na kwa miaka mingi watu waliamini kuwa alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Bunduki aliyoishika ndiyo iliyomaliza ubishi. Ni Winchester ya modeli ya 1873, na bunduki hiyo ina kidirisha kidogo cha kujazia risasi kwenye ubavu wa kulia tu. Kwenye bamba, kidirisha kinaonekana ubavu wa kushoto. Kiwanda hakikutengeneza bunduki ya namna hiyo, basi kilichogeuka ni picha.

Picha yako ni ya karatasi, imechapwa kutoka kwenye negativu, na kwa kawaida picha za namna hiyo hutoka sawa. Lakini negativu ina pande mbili, na mchapaji akiilaza kifudifudi badala ya chali, picha inatoka imegeuka. Nimepata ushahidi wa aina tatu kuwa ndivyo ilivyokuwa kwenye yako. Kwanza, makoti. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukilalia ule wa kulia. Makoti ya wote watatu yamelaliana kinyume. Mmoja angeweza kuwa na koti la ajabu, watatu hapana. Pili, mfuko wa kifuani wa babu uko kulia kwake, wakati mafundi cherehani huuweka kushoto.

Tatu, bunduki zenyewe. Kanuni hii ni nyepesi kukumbuka: ukitazama bunduki iliyolala mlalo, mgongo wake ukiwa juu na mdomo wa mtutu ukielekea kushoto kwako, unaangalia ubavu wake wa kushoto. Winchester ya yule bwana imelala hivyo hasa, na bado kidirisha cha kujazia kinaonekana waziwazi. Mpini wa bolti, yaani wa kile chuma kama komeo kinachosukumwa kufunga na kufungua bunduki, nao kwenye bunduki ya babu umetokeza upande wa kushoto, wakati karibu bunduki zote za bolti za enzi hizo ziliwekewa mpini kulia. Bunduki mbili za viwanda tofauti, zote zimegeuka mara moja! Geuza picha kwenye kompyuta na kila kitu kinakaa mahali pake, pamoja na babu kuipakata bunduki kama mtu yeyote wa mkono wa kulia.

Sasa niseme neno kuhusu nakala, maana hapa naona watu wakiharibu ushahidi wao wenyewe. Nakala uliyonitumia ni nzuri kwa sababu umeiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, kwa rangi, bila kuigusa. Endelea hivyo hivyo. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa kuwa madoa na kufifia vina rangi zao, na rangi ndiyo inayokusaidia kutenganisha doa na chuma. Ila nakuomba sana usizipitishe picha hizi kwenye programu za akili bandia zinazodai kuzisafisha. Programu hizo hazirudishi kilichofutika. Zinabuni kile zinachodhani kilikuwepo. Nimeletewa picha ambamo programu imechora kifyatulio cha pili, ikafuta nyundo, na kunyoosha mpini wa bolti uliokuwa umepinda. Kwa uso wa mtu labda familia itaridhika. Kwa kutambua bunduki, mpini uliopinda na ulionyooka ni bunduki mbili tofauti.

Tuje kwenye bunduki. Wengi huangalia umbo la jumla: ndefu, fupi, nene, ina mbao nzuri. Umbo la jumla linadanganya, kwa sababu mbao hukatwa, mitutu hufupishwa, mikanda hubadilishwa. Kinachobaki ni mtambo, yaani zile sehemu za chuma kati ya kitako na mtutu zinazofungua, kupakia na kufyatua. Elekeza macho hapo kwanza, juu kidogo ya kifyatulio. Kisha shuka tumboni mwa bunduki, mbele ya kifyatulio, uone kama kuna kasha lililochomoza. Halafu fuata upande wa chini wa mtutu hadi mdomoni. Kitako kiache mwisho.

Kama kuna fimbo nyembamba chini ya mtutu, imepita kwenye vipete vidogo na ncha yake inachungulia karibu na mdomo, huo ni mdeki, na bunduki ni gobore la kushindilia kwa mdomo. Ukiona mtambo wa ubavuni wenye kikombe cha baruti na kibati kilichosimama mbele yake, ni gumegume. Ukiona nyundo nzito inayoangukia chuchu ndogo, ni ya fataki, aina iliyoenea kuanzia miaka ya 1820 na 1830. Magobore yaliendelea kutumika kwa muda mrefu mno baada ya bunduki za kisasa kuja, kwa hiyo gobore pichani halikuambii karibu chochote kuhusu mwaka.

Usichanganye mdeki na bomba la risasi. Bomba la risasi ni nene, linakaribia unene wa mtutu wenyewe, na hapo umeingia kwenye ukoo wa bunduki za wenzo, zile ambazo kinga ya kifyatulio imerefushwa ikawa kitanzi cha kuingiza vidole. Mtu akilivuta kitanzi chini na kulirudisha, ganda linatoka na risasi mpya inaingia. Watu wakiona kitanzi husema Winchester, na mara nyingi wanapatia, lakini ipi? Henry ya 1860, iliyozitangulia zote, haina mbao chini ya mtutu, na haina kidirisha ubavuni kwa sababu ilijazwa kwa mbele. Modeli ya 1866 ilileta kidirisha na mbao ya mbele, na mwili wake ni wa shaba. Modeli ya 1873 ina bamba kubwa ubavuni ambalo mpaka wake unaonekana hata kwenye picha ya wastani, na kifuniko cha kuteleza juu ya mtambo. Modeli ya 1876 inafanana nayo lakini ni pande la bunduki. Za 1886 na 1892, zilizobuniwa na John Browning, hazina tena bamba hilo. Zinafanana kama mtu na mdogo wake, na namna ya kuzitofautisha ni kulinganisha mwili wa chuma na kiganja cha aliyeishika.

Modeli ya 1895 ndiyo rahisi kuliko zote: haina bomba chini ya mtutu, ina kasha lililoshuka tumboni mbele ya kitanzi. Picha za safari ya Theodore Roosevelt ya kuwinda Afrika Mashariki, 1909 hadi 1910, zinakufundisha jicho vizuri kwa sababu inajulikana alibeba nini: Winchester ya 1895 ya risasi za .405 (kipenyo kwa sehemu ya inchi), Springfield, bunduki ya kijeshi ya Marekani, iliyorekebishwa kwa ajili ya kuwinda, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Ukishaziona hizo tatu mara kadhaa hutazisahau.

Ya yule bwana wa kushoto ni ya 1894, na nina sababu ya kusema hivyo kwa uthabiti. Amekishusha kitanzi kidogo, labda kuonyesha kuwa haina risasi. Kuza sehemu hiyo. Utaona kuwa hakikushuka kitanzi peke yake. Kipande cha chuma ambacho ndicho sakafu ya mwili wa bunduki kimeshuka nacho, kikiwa kimeshikwa kwa mbele. Ni modeli ya 1894 inayofunguka hivyo. Ya 1892 ikifunguliwa, sakafu haishuki. Laiti angekuwa amekifunga kitanzi, ningekuambia "1892 au 1894" na kuishia hapo.

Je, ni ndefu au ni karabina, yaani ile fupi? Hapa kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kujua urefu wa mtu wala umbali wa kamera. Kwenye bunduki nyingi za watu wazima, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako ni kama sentimita 33 hadi 36, kwa kuwa ndio urefu unaomkaa mtu begani. Pima urefu huo pichani kwa rula, kisha pima kutoka kifyatulio hadi mdomo wa mtutu, ugawanye. Kwenye karabina ya 1894 yenye mtutu wa inchi 20 utapata karibu 1.9. Kwenye ile ndefu ya inchi 26 utapata karibu 2.4. Vipande vyote viwili viko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo bunduki ikiinama vinafupika pamoja na uwiano hauharibiki sana. Ila bunduki ikielekezwa kwenye kamera kipimo hakifai, kwa sababu lenzi hukuza kilicho karibu. Kwenye picha yako nimepata 2.4. Alama nyingine zinakubali: mbao ya mbele imemalizikia kwenye kofia ya chuma, ambapo karabina ingekuwa na pete inayozunguka mtutu, na kitako kimekatwa kama mwezi mchanga.

Mtutu huo ni wa duara au wa pembe nane? Angalia mwanga. Mtutu wa duara unaonyesha mstari mmoja mwembamba wa mng'ao unaofifia taratibu pande zote. Wa pembe nane unaonyesha ukanda bapa wenye kingo kali, sehemu moja nyeupe na inayoifuata nyeusi ghafla. Wa bwana huyu ni wa pembe nane.

Tusichukulie kila kitanzi kuwa Winchester. Marlin za miaka ya 1890 zimefungwa juu na zinatoa maganda kwa ubavuni. Savage ya 1899 haina nyundo ya nje kabisa, na haina bomba. Na kuna bunduki za risasi moja zenye wenzo: Martini-Henry, iliyoingizwa kwenye jeshi la Uingereza 1871 na kuishia mikononi mwa wawindaji wengi, ina wenzo mrefu mwembamba nyuma ya kinga ya kifyatulio, haina nyundo, na mgongo wake wa chuma una nundu. Sharps ina nyundo kubwa ubavuni. Remington ile ya bamba la kuviringika haina wenzo, ila utaona masikio mawili ya chuma yamefuatana mgongoni, nyundo na kizibo.

Sasa bunduki ya babu. Kwa mbali kila bunduki ya bolti huitwa Mauser, na simlaumu mtu: mtambo wa Mauser wa 1898 ulinakiliwa na kutumiwa na mafundi wengi, hata wale wa London kama Rigby walijenga bunduki zao za kuwindia juu yake. Wazee wako walikuwa na sababu nyingine pia. Bunduki ya babu ina mbao iliyokwenda hadi mdomo wa mtutu na kumalizikia kwenye kifuniko kidogo cha chuma, na mpini wa bolti ulio bapa kama kijiko. Mauser za kuwindia zilitengenezwa pia kwa sura hiyo hiyo, mbao ndefu na mpini bapa. Kwa hiyo mbao na mpini haviamui kitu.

Kinachoamua ni mahali mpini ulipo. Nyuma ya mwili wa bunduki ya bolti kuna daraja la chuma ambalo bolti inapita ndani yake. Kwenye Mauser, bolti ikifungwa, mpini unakaa nyuma ya daraja hilo, karibu juu ya kifyatulio, na nyuma yake kuna mkia wa bolti na kibati cha usalama tu. Kwenye Mannlicher, daraja limepasuliwa juu ili mpini upite katikati yake, na bolti ikifungwa mpini unakaa mbele ya daraja. Kuza picha yako hapo. Mbele kuna kijiko, kisha mara moja nyuma yake limesimama bonge la chuma lenye mfereji wa kivuli juu. Ule mfereji ndio mpasuko. Mauser haina.

Lakini tusikimbie. Daraja lililopasuka linapatikana pia kwenye bunduki ya kijeshi ya Ujerumani ya 1888, iitwayo ya Tume, kwenye Mannlicher za kabla ya 1900 zilizopendwa sana na wawindaji, na kwenye Mosin-Nagant ya Urusi. Zote hizo zina kasha la risasi lililochomoza tumboni mbele ya kifyatulio. Tumbo la bunduki ya babu ni bapa kabisa, mbao inateleza moja kwa moja hadi kwenye kinga. Mannlicher-Schönauer iliweza hivyo kwa sababu kasha lake ni la kuzunguka: risasi tano zimepangwa ndani kuzunguka kitovu, hivyo hazihitaji kina. Daraja lililopasuka pamoja na tumbo bapa, vyote viwili kwa wakati mmoja, ndivyo vinavyonipa ujasiri wa kulitaja jina. Ilikuwa bunduki nyepesi ya risasi nyembamba za milimita 6.5, na ilipata sifa kubwa mno, hata W. D. M. Bell, mwindaji wa tembo kutoka Uskoti, aliitumia sambamba na Rigby yake ya mtambo wa Mauser. Baadaye zilitoka za milimita 9, 8 na 9.5, na kutoka nje sitaweza kukuambia ya babu ni ipi.

Ya tatu ndiyo inayonitesa. Mitutu miwili kando kwa kando, nyundo mbili za nje. Inaweza kuwa bunduki ya marisau ya ndege na wanyama wadogo, au inaweza kuwa bunduki ya risasi nzito ya wanyama hatari, ambayo ilikuwa ghali mno na ni jambo tofauti kabisa kwa historia ya familia. Nyundo hazitusaidii kukadiria mwaka, maana ingawa Anson na Deeley wa Birmingham walisajili mtambo wao usio na nyundo za nje mwaka 1875, zenye nyundo ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20. Tofauti iko kwenye mitutu. Ya marisau ni myembamba kwa kuta na mara nyingi mirefu zaidi, na juu ina shanga moja tu ya kulengea mdomoni. Ya risasi ina kuta nene, ina kilengeo cha nyuma kilichosimama mbele kidogo ya mtambo, wakati mwingine vibati kadhaa vya kukunja, na chini ya mitutu huwa na jicho la kufungia mkanda. Ukiuona mdomo kwa mbele mambo huwa mepesi: tundu la marisau la kipimo cha 12 lina karibu milimita 18.5 na ukingo mwembamba. Tundu la risasi ya .450 lina karibu milimita 11.5 katikati ya chuma kinene.

Kwenye picha yako kidole gumba cha bwana huyu kimefunika pale ambapo kilengeo kingekuwa, na mdomo umezama kwenye kivuli cha kofia ya mwenzake. Kiunoni ana mkanda wa risasi fupi nene. Zinaelekea kuwa za marisau, lakini risasi za .577 nazo ni nene, kwa hiyo mkanda peke yake sitaupa uamuzi.

Kuhusu rangi, binamu yako aliniandikia kupitia kwako kuwa Winchester hiyo "haiwezi kuwa ya shaba kwa sababu ni nyeusi". Ni kweli si ya shaba, ila hoja hiyo iacheni. Kemikali za picha za zamani ziliona bluu kupita kiasi na nyekundu karibu hazikuiona. Ndiyo maana anga kwenye picha hizo ni jeupe tupu. Shaba inaweza kutoka nyeusi, mbao nyekundu ikatoka kama mkaa, na chuma chenye rangi ya bluu kikang'aa kuliko ulivyotarajia. Amini umbo na mipaka ya vipande, rangi iache.

Sasa mwaka. Bunduki inakupa mpaka wa chini tu: picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko bunduki iliyomo. Haikupi mpaka wa juu, kwa sababu bunduki hudumu na hurithiwa. Winchester ya 1894 iliendelea kutengenezwa karne nzima, zaidi ya milioni 7 zikatoka. Mtu angeweza kuishika mwaka wowote baada ya kuanza kwake. Hiyo namba kwenye jina la modeli imewapoteza watu wengi, na nashuku kwamba 1895 ya wazee wako ilitokana na mtu aliyewahi kuitambua Winchester na kukadiria kutoka hapo. Mannlicher-Schönauer ndiyo inayobana zaidi. Modeli yake ya kwanza ni ya 1903, basi picha si ya kabla ya 1903.

Mpaka wa juu unatoka nyuma ya picha, na umefanya vyema kunitumia. Karatasi hii ilitengenezwa ili iwe postikadi. Kwenye kisanduku cha stempu kuna neno AZO, jina la aina ya karatasi ya picha, na pembetatu nne, zote zikielekea juu. Wakusanyaji wa postikadi huihesabu alama hiyo kuwa ya 1904 hadi 1918. Baada ya hapo mbili zilielekezwa chini. Kisha kuna mstari unaogawa nafasi ya ujumbe na ya anwani, uliokubaliwa Uingereza 1902 na Marekani 1907. Kumbuka kwamba alama za karatasi ni tarehe za kuchapa. Negativu ya miaka 20 nyuma ingeweza kuchapwa kwenye karatasi mpya, na ndiyo sababu karatasi peke yake isingewajibu wazee. Bunduki inasema negativu si ya kabla ya 1903, karatasi inasema chapa ilitoka karibu 1904 hadi 1918, pengine baadaye kidogo kama mpiga picha alikuwa na akiba ya zamani. Kati ya hizo mbili ndipo picha ilipopigwa. Kama familia inajua babu alizaliwa lini, au ni lini alianza kuwinda, mtaweza kuibana zaidi.

Kitu kimoja sijakithibitisha, na picha haiwezi kunithibitishia: kwamba bunduki ilikuwa yake. Kwenye picha za studio bunduki mara nyingi ilikuwa ya mpiga picha, na ukipata picha mbili za watu tofauti kutoka studio moja unaweza kuikuta bunduki ile ile, hata mkwaruzo ule ule. Yenu imepigwa porini na mkanda wa bunduki ya babu umechakaa kwa matumizi, kwa hiyo ilikuwa bunduki ya kazi. Lakini wawindaji hubadilishana bunduki wakati wa kupiga picha, hasa mmoja akiwa na nzuri.

Kwa hiyo nyuma ya nakala, usiandike kwenye picha asili, ningeandika hivi: "Picha imechapwa kinyumenyume. Kushoto baada ya kugeuzwa: bunduki ya mitutu miwili yenye nyundo, aina haijaamuliwa. Katikati: babu na Mannlicher-Schönauer, kipimo cha risasi hakijulikani. Kulia: Winchester ya 1894, ndefu, mtutu wa pembe nane. Haikupigwa kabla ya 1903. Yaelekea 1904 hadi 1918."

Ninachokuomba ni hiki. Skani tena kona yenye bunduki ya mitutu miwili kwa nukta 2400, mara moja kawaida na mara moja ukiwa umeongeza mwanga kwenye vivuli, ili nione kama kuna jicho la mkanda chini ya mitutu mbele ya mkono wake. Waulize pia wazee kama kuna negativu popote, hata iliyovunjika, kwa sababu mdomo uliopotea kwenye kivuli cha chapa mara nyingi bado upo kwenye negativu. Na kama kuna ndugu anayedai kuwa na bunduki yenyewe, asiisugue wala kujaribu kuifungua. Ihifadhiwe kisheria, mtu mwenye ujuzi ahakikishe haina risasi, kisha mnitumie picha ya alama na namba zilizochongwa kwenye chuma chake.